Kofi Nililompiga Fundi wa Barua Pepe

Mliosoma wiki iliyopita mnajua kwamba nilimpiga Herman kofi mbele ya wafanyakazi kumi na wanne, kisha nikamkabidhi polisi. Nasikia wengine mlinipongeza. Mkasema huyu mama ana msimamo. Nyie mlionipongeza ndio nawaomba leo msome mpaka mwisho.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anafungua gazeti, naitwa Zakia, mama Yasmini. Nina kiwanda kidogo cha kufua ovaroli hapa Segese. Wachorongaji, wale watoboa miamba, wanatoka migodini na nguo zimegandamana tope na grisi, sisi tunazifua, tunazianika, tunazirudisha zimekunjwa. Mume wangu Akida aliniachia mashine mbili mbovu akaenda kuoa Geita. Mashine nikazifufua. Akida nikamwacha huko huko.

Mteja wangu mkubwa ni kampuni moja ya uchorongaji. Katika kila ovaroli kumi tunazofua, nane ni zao. Mkataba wao ulikuwa unaisha, na mwaliko wa kuomba upya ungekuja kwa barua pepe, kwenye anwani ya kiwanda, si kwingine. Usipojibu ndani ya muda, kazi anapewa mwingine. Na mwingine yupo. Anaitwa Marcel, yuko Kagongwa, ana mashine mpya, na kila tukikutana ananichekea meno yote.

Jumatatu barua pepe zikaacha kuingia. Tukituma zinaenda. Zinazokuja hazifiki. Jumanne nikampigia Eunice, karani wa ile kampuni. Akasema mwaliko walishautuma jana yake. Nikamwomba anitumie hata kwenye simu yangu. "Siwezi, mama. Nikikutumia wewe pembeni, nitakuwa nimevunja utaratibu na wote mtaondolewa."

Jumanne hiyo hiyo nikamwona Herman, fundi wangu wa kompyuta, amesimama stendi anaongea na Marcel. Nikajumlisha moja na moja. Alhamisi saa kumi alasiri nikamwita uani, nikamwambia anazificha barua zangu amfaidishe Marcel. Akafungua mdomo. Akasema, "Mama, zile ka..." Hakumaliza. Kofi likawa limeshafika.

Sasa Ijumaa asubuhi akaja Ghati.

Huyu Ghati ni Mkurya, fundi wa kompyuta wa Kahama, mwanamke wa makamo ya mdogo wangu wa mwisho. Nilimpigia usiku ule ule wa kofi. Alishuka na mkoba mgongoni, akakataa chai.

"Shikamoo mama. Seva iko wapi?"

"Marahaba. Iko stoo. Nataka unioneshe jinsi alivyoziiba."

"Nani?"

"Herman. Yuko kituoni. Nataka karatasi nimpelekee afande leo leo."

Akaniangalia. "Mama, mimi natafuta tatizo. Mtu utamtafuta mwenyewe."

Nilijikaza kisabuni nisimjibu. Nikamfungulia stoo. Ile seva yetu ni kompyuta moja nyeusi iliyokaa juu ya kreti la soda, kati ya magunia ya sabuni ya unga. Haizimwi. Ndiyo inayopokea barua zote za kiwanda, na Herman ndiye aliyeifunga.

Ghati akatoa simu yake, akaandika barua moja ya neno moja, "jaribio", akaituma kwenye anwani yetu. Tukasubiri. Dorah, karani wangu, alikuwa amesimama na kalamu kama anayesubiri kuandikishwa mahari.

Haikuingia.

"Unaona?" nikasema. "Kaichukua."

"Yuko mahabusu, mama. Kaichukua na nini?"

 Sikuelewa, hasira ilikuwa imenijaa.

Ghati akaenda hatua kwa hatua na kila hatua ilinichoma. Kwanza akaangalia kama jina la kiwanda kwenye intaneti bado ni letu. Ni letu. Akaangalia kama kuna mtu amelielekeza kwingine, maana hapo ndipo nilipoweka matumaini yangu yote. Nilitamani kuona jina la Marcel limeandikwa pale kwa herufi kubwa.

"Linaelekeza hapa hapa stoo," akasema. "Hakuna aliyeligusa."

"Angalia tena."

"Nimeangalia mara mbili."

"Angalia ya tatu, ndiyo kazi niliyokuitia."

Akaangalia ya tatu. Jibu likawa lile lile.

"Halafu kuna kitu," akasema. "Barua yangu ingekosea njia, ningerudishiwa papo hapo niambiwe anwani haipo. Haijarudi. Maana yake imefika mahali ikaambiwa isubiri."

"Imeambiwa na nani?"

Akafungua daftari la seva. Seva huwa inaandika kila anayekuja, saa aliyokuja na alichojibiwa. Kioo kizima kilijaa mistari inayofanana. Ghati akaweka kidole kwenye mmoja akanisomea kwa Kiswahili cha kunielewesha mimi.

"Mgeni kabisha hodi. Seva ikamkaribisha. Ikamuuliza anatoka wapi, akajibu. Alipotaka kuingiza mzigo wake ikamwambia, hakuna nafasi, rudi baadaye. Akarudi. Akaambiwa hivyo hivyo. Huyu hapa ni wa Jumatatu saa nne asubuhi, anatoka kampuni ya uchorongaji. Ameshabisha hodi mara sitini na mbili."

Sitini na mbili. Mwaliko wangu umesimama mlangoni kwangu siku tano, na mimi nimekaa ndani naulaani.

"Na atachoka," Ghati akaongeza. "Wengi hujaribu siku nne, tano. Baada ya hapo wanakata tamaa."

"Nafasi gani imekosekana kwenye dude lote hili?"

"Diski imejaa."

"Imejazwa na barua?"

"Barua zenu zote tangu mfungue kiwanda hazijazi kisahani. Kuna jalada moja limemeza kila kitu. Linaitwa JICHO."

Nikageuka kuangalia mlango.

Generosa, kiongozi wa wafuaji, alikuwa amekuja kuchukua sabuni. Amesimama mlangoni na ndoo yake. Ghati hakumjua, akauliza tu bila kushusha sauti.

"Mama, nani kaunganisha kamera na seva ya barua?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema Herman. Nawaambia ukweli, neno "Herman" lilifika kwenye ulimi. Ghati alikuwa ananikazia macho.

"Mimi," nikasema.

Ngoja niwaeleze, maana hili sikuwaandikia wiki zote nane, na nilikuwa na sababu ya kulificha.

Ovaroli za watu wa migodini zina tope, na tope lile lina vumbi la dhahabu. Kidogo sana, lakini lipo. Maji ya kufulia tunayaingiza kwenye shimo la zege, tope linatuama chini, mwisho wa mwezi linachekechwa. Ni mali ya kiwanda. Mwezi wa tatu tope likapungua. Wa nne likapungua zaidi. Sikumuuliza mtu. Nikaamua moyoni mwangu kwamba wale wanawake wananiibia.

Herman alikuwa ameenda Kishapu kumzika mama yake. Wiki hiyo hiyo nikamwita kaka yangu Abdulshakur, ambaye anauza kamera Kahama. Akafunga tatu chini ya paa, ndani ya vishikio vya balbu zilizoungua. Akasema mashine ya kurekodia ya nini, wakati kuna kompyuta stoo haizimwi. Nikasema funga, na usimwambie mtu.

Herman anamzika mama yake, mimi natega macho. Nimeandika, msome.

Generosa akaweka ndoo chini.

"Mayu, mama, ulikuwa unatuangalia sisi?"

Nilijibu kwa ukali, maana ndiyo njia yangu ya kukwepa. "Tope lilikuwa linapungua, Generosa. Ulitaka nifanyeje?"

"Ungeuliza." Hakupandisha sauti. "Tope linapungua tangu ulipokataa ovaroli za wale wa karasha. Wewe mwenyewe ulisema zinaua mashine. Wale ndio waliokuwa wanaleta tope la maana. Hawa wachorongaji wanaleta grisi."

Ni kweli. Mwezi wa tatu mwanzoni nilizikataa ovaroli za watu wa mashine za kusagia mawe. Nililigeuzia kisogo jambo nililolifanya mwenyewe, nikaanza kumtafuta mwizi wake.

"Tufungue tuone," Ghati akasema.

"Usifungue. Futa."

"Sifuti kitu cha mtu kabla hajaona anachofuta. Kesho utasema nimefuta ushahidi."

Akafungua video ya kwanza. Ovaroli zimeanikwa kambani, upepo unazirusha. Ya pili, ovaroli. Ya kumi, ovaroli. Akaruka mpaka ya mia mbili.

"Kamera hizi zinaamka kitu kikisogea," akasema. "Aliyezifunga amezielekeza kwenye shimo, lakini mbele ya shimo kuna kamba zenu za kuanikia. Na upepo huu wa kiangazi, hazijalala hata dakika moja."

Mnajua upepo wa huku ukishaanza mwezi wa sita. Siku arobaini, mchana na usiku, kamera tatu zilikuwa zinarekodi ovaroli zinarusha mateke hewani. Ndizo zilizojaza seva yangu. Kaka yangu, muuza kamera, hakuliona hilo, na mimi mwenye kiwanda cha kuanika nguo sikuliona pia.

Dorah akacheka kidogo, akajifunika mdomo. Ningempiga na yeye, nisingekuwa nimeona lile kofi la Alhamisi limenifikisha wapi.

Mtu alionekana mara kadhaa. Saa kumi na mbili jioni wafanyakazi wakishaondoka, mtu anakuja, anafunua mfuniko wa shimo, anachungulia, anaufunika. Mtu mmoja tu, siku zote arobaini. Amejifunga kanga ya kijani.

Kanga ile ile nilikuwa nimeifunga kiunoni.

"Sasa huyo Herman," Ghati akasema, "fundi wa seva hawezi kukosa kuona diski inajaa. Hakukwambia?"

"Hakuniambia." Nilishukuru kupata pa kuishusha hasira yangu. "Hata neno. Ana mdomo, anakula kwangu, amekaa kimya mpaka mambo yameharibika."

Dorah akakohoa.

"Alikuandikia, mama."

"Lini?"

"Mara tatu. Zimo."

Hapa inabidi niwaeleze utaratibu wangu. Mimi sisomi kwenye kioo. Barua pepe ikiingia Dorah anaichapa, anaigonga mhuri wa IMEPOKELEWA na tarehe, anaiweka kwenye faili, nami naisoma na chai ya saa nne. Wino ukawa unaisha haraka. Nikampa amri kwamba barua za wateja achape, za ndani aziache.

"Uliniambia za ndani nisichape," Dorah akasema. Hakuwa ananilaumu. Ndiyo hasa ilinikata maini.

"Basi angekuja ofisini aseme!"

Dorah akageuza macho kwenye mlango wa ofisi yangu. Karatasi bado imebandikwa pale tangu mwaka jana, nilipochoka kugombana na wafuaji kuhusu zamu. Niliandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu: MWENYE SHIDA AANDIKE.

Mtu aliandika. Na siku alipoamua kusema, alifika kwenye "zile ka", nikammalizia sentensi kwa kiganja.

"Futa," nikamwambia Ghati. "Zote."

Akafuta. Ilikuwa saa saba na dakika kumi.

"Sasa tunasubiri. Kila mmoja anarudi kwa saa yake. Wengine baada ya dakika chache, wengine baada ya saa nzima. Huwezi kuwavuta."

Ile "jaribio" ya Ghati ndiyo iliyotangulia. Kisha barua ya muuza sabuni. Kisha ya watu wa maji. Dorah anachapa, anagonga mhuri, nami nazipokea na kuzitupa mezani moja moja. Saa saba na nusu ikapita.

Saa nane kasorobo ukaingia mwaliko. Nilimpokonya Dorah kabla mhuri haujakauka. Mwisho wa kupokea maombi, Ijumaa, saa kumi kamili alasiri. Yaani leo. Fomu inajazwa kwenye intaneti, na kabla ya kuituma itakuja namba ya siri kwenye simu iliyosajiliwa na kampuni.

"Simu gani imesajiliwa?" nikauliza.

Dorah akasoma tarakimu za mwisho. Tuliijua wote namba ile. Herman ndiye aliyetusajili, akaweka namba yake, kwa sababu siku hiyo nilimwambia asinisumbue na mambo ya kompyuta. Sasa simu yake ilikuwa kituoni, kwenye bahasha, pamoja na mkanda wake.

Nilikuwa natafuta viatu nitoke, mashine ya kuchapia ikatoa karatasi nyingine. Dorah akaisoma nusu, akasita, kisha akaigonga mhuri kama kawaida yake akanipa.

Ilitumwa Jumanne usiku.

"Mama Yasmini, shikamoo. Nakuandikia kwa anwani yangu ya nyumbani, kwa sababu nimegundua za ndani huzisomi. Kompyuta imejaa na barua za nje zimeanza kuzuiwa, nahofia hata hii. Zile kamera niliziona siku niliyorudi msibani. Sikuzigusa. Ningezizima ungesema nina ninachoficha. Naomba uniruhusu nizihamishe, mbele ya shahidi unayemtaka wewe. Pia Marcel alinifuata stendi akanitaka niende kwake. Nimemkatalia. Ni mimi, Herman."

Niliisoma nimesimama. Nilipomaliza nilikaa juu ya gunia la sabuni. Nimekasirika na watu wengi katika hadithi hii, na Akida, na Marcel, na kaka yangu. Sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia yule mwanamke wa kanga ya kijani.

"Mama," Ghati akasema, "muda."

Ghati na Dorah wakabaki kujaza fomu. Tukakubaliana saa tisa na dakika ishirini wataomba namba ya siri, na mimi niwe nimeshaishika simu niwasomee, maana namba hiyo ikifika inaishi dakika kumi tu. Nikapanda bodaboda na ile karatasi mkononi.

Kituoni nilimkuta Afande Maige na daftari lake.

"Afande, nimekuja kufuta maelezo yangu. Nilikosea. Hakuna kilichoibwa."

"Jana ulisema una uhakika."

"Nilikuwa na hasira."

"Hasira haimo kwenye daftari, mama. Umeandikwa uhakika." Lakini akaniandikisha upya, neno kwa neno, polepole kama mtu anayepanda mahindi. Kisha akamtoa Herman.

Alitoka ameshikilia suruali kiunoni, maana hakuwa na mkanda. Afande akaweka bahasha ya vitu vyake mezani. Herman ana miaka arobaini na miwili, ana watoto watatu. Shavu lake sikuweza kuliangalia.

"Shikamoo, mama," akasema.

Afadhali angenitukana. "Marahaba. Herman, nisamehe. Nimekosa sana. Barua zimeingia, mwaliko tumeupata, mwisho ni saa kumi, kuna namba ya siri inakuja kwenye simu yako, naomba..."

Nikasikia mwenyewe nilichofanya. Nimeomba msamaha na namba kwa pumzi moja.

"Yangu umeisoma?" akauliza.

"Nimeisoma."

"Imechapwa?"

Nikampa. Akaisoma yote, kana kwamba hakuiandika yeye. Akafika kwenye mhuri, akaupitishia kidole gumba. Wino ukamwachia rangi kidogo. Akaikunja karatasi mara moja, akaiweka mbele ya Afande Maige.

"Afande, mama kafuta maelezo yake. Mimi naomba kuandika ya kwangu. Nimepigwa mbele ya watu, na nimeitwa mwizi mbele ya watu. Kielelezo ni hiki, kina mhuri wake mwenyewe."

"Herman," nikasema. "Kuna wanawake kumi na wanne kule. Ukiniangusha mimi unawaangusha wao. Baadaye utanifanya unavyotaka."

Akanigeukia. Hakuwa na hasira usoni, na nilitamani awe nayo, maana ya kwangu ingepata mwenzake.

"Mama, si ulisema mwenye shida aandike?"

Afande Maige akafungua ukurasa mpya, akaupiga pasi kwa kiganja. "Mama, kaa kwenye benchi. Usiondoke, nitakuhitaji. Herman, anza."

Bahasha ikatetemeka mezani. Nikatazama saa ya ukutani, saa tisa na dakika ishirini. Nilinyoosha mkono.

Herman akaweka kiganja chake juu ya bahasha, akakiacha hapo, akamgeukia afande.

"Alhamisi," akasema, "saa kumi alasiri, mbele ya watu kumi na wanne."